Kete Nzito za Baba

Risasi, ile metali nzito ya kijivu, ikiyeyuka vizuri, uso wake huwa kioo kwa muda mfupi sana. Kisha hewa huigusa, na utando wa kijivu hujikunja juu yake kama ule wa maziwa yaliyochemka yakaachwa. Ukiukwangua utando huo kwa kijiko cha chuma, kioo hurudi. Nimelifanya jambo hili mara nyingi nyuma ya nyumba yangu hapa Gitothua, nikiwa nimevaa glavu za ngozi, miwani ya kuchomelea na barakoa, upepo ukiwa mgongoni mwangu, na bado sijachoka kuutazama ule muda mfupi wa kioo.

Kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu ili ipate umbo, ni uraibu nilioingia nao katika miaka yangu ya arobaini. Chuoni nilisoma sosiolojia, na riziki yangu inatokana na kuhariri ripoti zilizoandikwa na watu wengine. Mtu anayeshinda akinyoosha sentensi zisizo zake hutamani, jioni, kushika kitu kinachobaki jinsi alivyokifanya. Nilianza na wanyama wadogo wa kuweka rafuni: kobe, kinyonga, kondoo mmoja aliyetoka bila masikio. Risasi niliitumia iliyopatikana, bila kuuliza ilitoka wapi wala ndani yake mlikuwa na nini. Ni baba yangu aliyenilazimisha kuuliza.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo Thika kwa maisha yake yote ya kazi. Mama alipofariki, alihamia kwangu. Mimi ni mtoto wake wa kwanza wa kike, nimepewa jina la mama yake kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo huniita maitu, yaani mama. Mara alipofika Gitothua alijipatia kituo: benchi lililo nje ya duka la mbao, hatua chache kutoka kwetu, ambapo wazee wa rika lake hucheza drafti kuanzia saa nne asubuhi hadi jua linapowachoma upande wa pili wa uso.

Drafti yetu huchezwa kwa vifuniko vya soda. Mmoja huchukua vya soda nyeusi, mwingine vya soda ya machungwa, na ubao ni kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi. Kifuniko kikifika mwisho wa ubao wa adui hugeuzwa tumbo juu, nacho huitwa kingi. Hayo ni rahisi. Kilicho kigumu kumweleza mgeni ni namna ya kula. Ukimla mwenzako, huisogezi kete yako kistaarabu. Unainyanyua juu na kuigonga ubaoni kwa nguvu, pa! na papo hapo unamtolea mwenzako maneno. Aliyekula kimya ni kama hakula. Nimewahi kumsikia dereva mstaafu wa mabasi, rafiki mkubwa wa Baba, akigonga na kumwambia mwenzake, “Nenda nyumbani uulizwe ulikuwa wapi!” na benchi zima likacheka mpaka fundi wa mbao akazima msumeno ili asikie.

Kisha mkono wa kulia wa Baba ukaanza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa, akatoa dawa, akasema utaenda polepole. Baba aliupokea kama alivyozipokea hitilafu za mitambo, kwa kuuliza maswali mafupi. Lakini baada ya miezi michache aliacha kwenda kwenye benchi. Kwanza alisema jua ni kali. Kisha akasema wazee wale wanaongea siasa mno. Nilimletea chai sebuleni siku moja saa nne na nusu, saa ambayo hakupaswa kuwa sebuleni, nikaketi mbele yake.

“Baba, wamekukosea?”

“Hawajanikosea. Wamekuwa wazuri.”

“Sasa?”

“Hiyo ndiyo shida, maitu.” Aliutazama mkono wake uliokuwa ukicheza juu ya goti. “Nikipeleka mkono kwa ubao, vifuniko vinatawanyika. Hapo mwanzo walinitukana, na ilikuwa sawa. Sasa wananyamaza, wanavipanga tena. Juzi yule dereva ananiambia, wewe sema tu, nitakusogezea. Kunisogezea! Halafu nikashinda michezo mitatu mfululizo. Mimi! Na hakuna mtu alinitukana.”

Nilielewa kwamba wanaume wale, kwa wema wao, walikuwa wamekwisha kumwondoa mchezoni, na kwamba asiporudi kwa namna ambayo ingewafanya wamtukane, angebaki kwenye kiti kile cha sebuleni mpaka mwisho.

Wazo lilinijia nikiosha vikombe. Kifuniko cha soda ni chepesi. Pumzi tu hukisogeza, seuze mkono unaotetemeka. Kikijazwa risasi tumboni, kitabaki mahali pake hata mkono ukikigusa kwa bahati mbaya. Isitoshe, vidole vingekuwa na kitu cha kushika.

Nilianza na risasi tupu, kwa sababu ndiyo nzito kuliko michanganyiko yake yote. Nilikuwa na mikunjo kadhaa iliyotoka kwenye paa la nyumba ya zamani iliyobomolewa Thika, kule ambako zamani waliziba kwa risasi mahali paa linapokutana na dohani. Ni metali laini ajabu. Ukucha huiachia alama, na ukanda wake hukunjwa kwa vidole kama chapati. Nilitengeneza kalibu ya jasi kwa kukandamiza kifuniko ndani yake, nikaikausha siku kadhaa, maana tone moja la maji chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke na kuirusha metali usoni mwa mtu. Kisha nikasubu visahani vinavyoingia barabara ndani ya vifuniko.

Nakiri kwamba kulikuwa na sababu ya pili ya kuchagua risasi tupu, na niliiona ni ya busara. Nilijua ingetua kimya. Nilidhani mzee mgonjwa angependa kitu kilichotulia.

Nilimwekea Baba ubao jikoni. Alikishika kifuniko kizito, na nikaona kwa macho yangu mkono ukitulia kidogo ulipokuwa na kazi. Alikinyanyua, akakigonga.

Pu.

Aliinama akakitazama. Ukingo wa risasi ulikuwa umebonyea kwa pigo hilo moja.

“Hii imekufa, maitu.”

“Lakini ni nzito, Baba.”

“Hata maiti ni nzito.”

Nilicheka, naye akacheka, ila alikisukuma kifuniko kando kwa kidole kimoja jinsi mtu anavyosukuma sahani ya chakula kisichoiva. Kete isiyolia haiwezi kumtukana mtu. Hilo nilipaswa kulijua. Nilikuwa nimelisikia benchi lile miaka mitatu kupitia dirisha la chumba changu cha kazi.

Hapo ndipo udadisi uliponishika shingo. Kwa nini metali moja ilie na nyingine imeze pigo? Jumamosi iliyofuata nilikaa kwenye ngazi ya saruji nyuma ya nyumba nikiangusha vitu: kijiko, funguo, nati, sarafu, kisahani cha risasi. Vigumu vililia. Kilaini kilitoa sauti ya tope. Ilionekana kwamba risasi hulipokea pigo lote na kulitumia kujibonyeza, hivyo halibaki pigo la kugeuka sauti. Nikasoma nilichoweza kukipata. Walioandika juu ya jambo hili wanakubaliana kwamba risasi hufanywa ngumu kwa antimoni, metali nyeupe inayovunjika kama kioo, na kwamba stani, ile iliyomo katika lehemu ya mafundi wa redio, huifanya itiririke na kuingia katika kila kona ya kalibu. Antimoni ya kununua sikujua ningeipata wapi, wala sikutamani kuichezea, kwa kuwa ni sumu kama risasi yenyewe. Lakini ilikuwa tayari imechanganywa katika vitu vya kawaida vilivyonizunguka. Kazi yangu ilikuwa kujua ni vitu gani.

Betri za gari nilizikataa tangu mwanzo, ingawa kila mtu alinitajia hizo. Zina asidi, na zikiyeyushwa kienyeji hutoa moshi ambao hata upepo wa mgongoni hauuwezi. Nilikwenda badala yake kwa bwana mmoja anayeziba pancha Ruiru mjini. Nilitaka vile vipande vidogo vya uzito vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitikisike barabarani. Alikuwa na ndoo nzima ya vilivyokwisha kutolewa.

“Ledi? Chukua tu, madam. Ni ya kuvua samaki?”

“Ni ya kutengeneza drafti.”

Alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani. “Drafti ya kina nani? Ya majitu?”

“Ya baba yangu.”

“Basi huyo mzee akikula mtu, huyo mtu hainuki.”

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikafanya kosa ambalo mtu yeyote aliyezoea ndoo za pancha za siku hizi angelikwepa. Nilivimimina vyote katika sufuria kwa pamoja. Katika ndoo ile, vipande vya risasi vilikuwa vimechanganyika na vya zinki, kwa kuwa watengenezaji wengi wamehamia zinki, na kwa macho vinafanana kama ndugu. Zinki huyeyuka kwenye joto la juu zaidi. Ningelitunza moto uwe wa wastani, ingeelea juu nami ningeiopoa. Lakini nilikuwa na haraka, nikaufungua moto wote wa gesi. Metali ikageuka uji uliokatika. Haikutiririka. Visahani vilitoka na makunyanzi, vingine na matundu katikati, na hakuna nta ya mshumaa, ambayo husafisha metali ya moto, wala kukoroga kulikoweza kuiponya sufuria ile. Nililiacha lote ligande. Bonge hilo ndilo linalozuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na Baba hulisalimu kila anapopita: “Habari yako, uji?”

Baadaye nilijifunza kukijaribu kila kipande kwa koleo. Risasi hubaki na alama ya jino la koleo, zinki hulikatalia. Nilikaa na ndoo ya pili alasiri nzima nikibana, kipande kimoja kimoja, huku nikifurahia kwamba mkono unaweza kuliuliza jambo swali na kujibiwa mara moja. Katika ripoti ninazohariri, jibu hukawia.

Visahani vya safari hii vilikuwa vizuri. Ukucha haukuacha alama. Baba alikigonga kimoja, akainamisha sikio lake la kushoto, lile ambalo mitambo ya kufuma haikuliharibu.

“Hii haijakufa. Ni mgonjwa.”

“Kama nani?” nilimuuliza.

“Kama mimi,” akasema, akacheka kwa nguvu, na nikapata ruhusa ya kucheka pia.

Ilihitaji antimoni zaidi. Nilikumbuka kwamba Thika kulikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji, jirani na mahali nilipokuwa nikisubiri Baba atoke kazini nilipokuwa mwanafunzi. Zamani walipanga herufi za metali kwa mkono. Mwenye kiwanda, mama wa umri wangu aliyekirithi kutoka kwa mjomba wake, alikuwa na mikebe ya herufi hizo chini ya ngazi. Aliniambia hajui zimetengenezwa kwa nini hasa, ila anajua hazifai kitu na zinamvunja vidole vya miguu. Kwa kweli metali ya herufi za uchapaji ni risasi yenye antimoni nyingi na stani kiasi, kwa sababu kila herufi ilipaswa kuwa na ukingo mkali na kustahimili kugandamizwa.

Nilizitazama kwa muda kabla ya kuziyeyusha. Zimeandikwa kinyume, kama maandishi yanayoonekana kwenye kioo, na mtu wa kazi yangu hawezi kuona rundo la herufi asijaribu kulisoma. Niliokoa herufi “a” chache na alama moja ya kuuliza, nikaziweka rafuni karibu na kondoo asiye na masikio. Nyingine zilizama katika sufuria moja baada ya nyingine, zikisimama kidogo juu ya kioo kabla ya kulegea.

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa nusu kwa nusu. Ulilia vizuri sana, kama kengele ndogo, kisha kisahani kikapasuka nilipokiangusha kwenye saruji. Antimoni ikizidi, metali huwa na hasira. Nikapunguza herufi. Theluthi moja ya herufi kwa theluthi mbili za vizito vya rimu ilitoa kisahani kilichojaa kila ukingo, kinachong'aa kama fedha, kisichopasuka. Nilikuwa na hakika. Nilimpelekea Baba kikiwa bado kina uvuguvugu wa kalibu.

Aligonga mara mbili. Aligonga tena.

“Imeamka,” alisema kwa upole ambao sikuupenda. “Lakini bado ina usingizi.”

Aliporudisha mkono gotini, ukaanza tena kutetemeka, naye akageuka kutazama dirishani, upande wa duka la mbao. Nilijua kwamba alikuwa anaanza kunihurumia, na kwamba jaribio moja zaidi likishindwa, angesema imelia vizuri ili nipumzike. Niliviweka visahani vyote katika mkebe wa biskuti na kuurudisha stoo.

Ilipita kama wiki moja na nusu. Nilikwenda stoo kutafuta rangi, mkebe ukaniponyoka, na kisahani kimoja kikaruka hadi kwenye ngazi ya saruji.

Kililia. Sauti ilikuwa kavu, ya juu, yenye mkia mfupi. Nilisimama pale mlangoni kando ya lile bonge la uji, nikakiokota, nikakiangusha tena makusudi. Kikalia tena. Nilijaribu cha pili na cha tatu, nikidhani labda ni ngazi iliyobadilika. Vyote vililia.

Nilitumia jioni hiyo nikisoma, na nilichokikuta kingali kinanishangaza. Risasi yenye antimoni haimalizi kuwa ngumu inapoganda. Kwa siku nyingi baada ya kutoka kwenye kalibu, ikiwa baridi kabisa na imelala katika mkebe gizani, huendelea kujipanga ndani, chembe za antimoni zikijikusanya mahali pake, na ugumu ukipanda bila mtu kuigusa. Nilikuwa nimeihukumu siku ya kuzaliwa kwake.

Baba alikigonga kisahani kile mezani asubuhi, akaniangalia kana kwamba nimemchezea.

“Umebadilisha nini?”

“Sijabadilisha kitu. Ilikuwa inakomaa.”

“Kama ndizi?”

“Kama ndizi, Baba.”

“Haiya!” Aligonga tena, na tena, mpaka vikombe vikacheza kwenye sosa. “Yaani ilikuwa inalala tu pale, na inakuwa ngumu?”

Kazi iliyobaki ilikuwa ya tahadhari. Wazee wale hula njugu karanga wakicheza, na vidole vilevile vinavyoshika kete huingia kinywani. Risasi ni sumu isiyo na haraka. Kwa hiyo nilivibandika visahani ndani ya vifuniko kwa ile gundi ngumu inayochanganywa kutoka mirija miwili, kwa kuwa gundi laini iliiua sauti, kisha nikavipaka vanishi tabaka tatu ili kidole kisiguse metali popote. Nilitengeneza vya soda nyeusi na vya machungwa, seti nzima, uzito mmoja. Baba alisisitiza hilo: hatacheza na mtu aliyeshika manyoya.

Tulikwenda pamoja saa nne. Nilibeba mkebe. Benchi lilinyamaza tulipofika, ukimya ule wa wema alioniambia. Mmoja alimpisha kwenye kivuli, mwingine akamuuliza kuhusu dawa.

“Hizi ni za nini?” aliuliza dereva mstaafu, akipima kifuniko kiganjani. “Wakini, wewe rika langu, umekuja na mawe?”

“Ni za maitu. Ametengeneza yeye. Ikikwaruzika, inarudishwa kwake, na mkimaliza kucheza mnanawa mikono.”

“Kunawa? Tunacheza ama tunapasua mtu?”

Nilikaa kwenye mbao za pembeni, nikijifanya kusoma simu. Mkono wa Baba ulipopita juu ya ubao ulizigusa kete mbili, nazo hazikusogea. Aliona. Dereva pia aliona. Hata hivyo, zamu iliyofuata, dereva alinyoosha mkono wake kwa mazoea ya wema.

“Ngoja nikusogezee…”

“Toa mkono.”

Baba alikuwa ameiona nafasi ya kula. Alinyanyua kete, ilitetemeka hewani, kisha ikashuka.

Pa!

Fundi wa mbao alizima msumeno. Sauti ile ilikwenda mpaka ng'ambo ya barabara, na mama wa mboga akageuka. Baba alikuwa na maneno yake tayari, ameyaweka miezi mingi: “Nenda nyumbani uulizwe ulikuwa wapi!”

Benchi liliripuka. Dereva alivuta ubao karibu, na uso wake ukabadilika. Haukuwa tena uso wa mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Alicheza kama anayeokoa shamba la babake. Alikula mbili kwa pigo moja, pa, pa! akageuza kingi wa kwanza, ule uso wa vanishi ukang'aa ubaoni, akageuza wa pili, na kabla ya saa sita Baba hakuwa na kete hata moja.

“Umetengenezewa kete,” dereva alisema, akizikusanya polepole ili kila mtu amsikie. “Sasa mwambie akutengenezee na kichwa!”

Walicheka mpaka mmoja akakohoa njugu. Baba alinyanyuka, akanawa mikono kwenye bomba la duka la mbao, na tukaondoka. Tulifika langoni. Mkono wake ulikuwa unatetemeka sana, na hakuuficha mfukoni.

“Umesikia alivyonitukana?”

“Nimesikia, Baba.”

“Ati kichwa!” Alitikisa kichwa chenyewe, akitabasamu. Kisha akasimama, akashusha sauti ingawa barabara ilikuwa tupu. “Maitu, zile za kwanza bado unazo?”

“Zipi?”

“Zile zilizokufa. Kesho mpangie yeye hizo.”